Mkuki uliomgeuza adui kuwa tausi

IJUMAA moja jioni mwanangu Kioko, mwenye umri wa miaka 11, alirudi kutoka shuleni shati likiwa limeraruka toka begani hadi kifuani. Hakuwa akilia. La hasha! Alikuwa akitembea kifua mbele.

"Mama, leo nimemmaliza," alisema.

Aliyekuwa amemmaliza ni rafiki yake wa tangu darasa la kwanza, mtoto ambaye yeye naye walikuwa kama chanda na pete. Rafiki huyo alikuwa amemcheka mbele ya wenzao kwa kufeli hesabu. Wakapigana nyuma ya madarasa, na Kioko akashinda.

Baba yake alicheka chini kwa chini, akasema wavulana ndivyo walivyo. Mimi sikucheka. Lakini nikisema ukweli, sikujua la kumwambia pia. Aliyemjibu vyema alikuwa jirani yetu wa orofa ya tatu, mhasibu ambaye asili yake ni jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India. Kioko huenda kwake kila Jumamosi kusaidiwa zile hesabu zilizozua vita.

Jumamosi hiyo nilimsindikiza mwenyewe, na habari za vita zilikuwa zimekwisha kumfikia jirani. Sebuleni kwake kuna rafu ndogo ya ibada. Juu yake pana picha ya kijana mzuri wa sura aliyepanda tausi, mkononi ameshika mkuki. Kando ya picha umesimamishwa mkuki mwingine wa shaba, urefu wake haupiti rula ya mwanafunzi. Kioko aliutazama kwa macho ya mpiganaji.

"Anko, huyu mungu wenu ameua maadui wangapi kwa mkuki huu?"

Jirani alitabasamu. "Adui wake mkubwa alikuwa mmoja," akajibu, "na huyo hakufa. Ndiye huyo amempanda."

Huenda nawe, msomaji mpenzi, umewahi kuona kalenda za Kihindu katika maduka ya mjini ukajiuliza mbona miungu yao hushika silaha. Huyu ana upinde, yule ana rungu, mwingine ana mkuki wenye ncha tatu. Wahindu wengi wa hapa Kenya wana asili ya Gujarat na Punjab, kwa hivyo tumewazoea zaidi akina Krishna, Rama, Shiva na Ganesh mwenye kichwa cha ndovu. Kijana wa tausi ni ndugu yake Ganesh. Jina lake ni Murugan, na pia huitwa Skanda, Kartikeya au Subramanya. Kwa Watamil hakuna anayependwa kumshinda. Mkuki wake huitwa vel.

Kisa chake kimesimuliwa kwa vizazi vingi, na mshairi Kachiyappa Sivachariyar wa mji wa Kanchipuram alikitunga kuwa utenzi mrefu wa Kitamil uitwao Kanda Puranam. Zamani za kale, masimulizi yasema, palikuwa na mfalme wa majitu aliyeitwa Surapadman. Alijitesa kwa ibada kali hata akapewa na Shiva ahadi kwamba hakuna nguvu itakayomshinda isipokuwa ile itokayo kwa Shiva mwenyewe. Alipokwisha kupata ahadi hiyo, kiburi kikampanda kichwani. Akawateka hata miungu, akawatumikisha.

Ndipo Shiva akatoa cheche sita katika jicho lake la tatu. Cheche hizo zikatua penye ziwa la matete, zikawa watoto wachanga sita. Walionyonyesha watoto hao ni zile nyota zilizokusanyika pamoja ambazo wakulima wetu wa pwani huziita Kilimia. Parvati, mkewe Shiva, alipofika akawakumbatia wote kwa mara moja, nao wakawa mtoto mmoja mwenye nyuso sita na mikono 12.

Kijana alipokuwa tayari kwenda vitani, aliyempa mkuki ni mama yake. Jambo hili Watamil hulitilia mkazo sana. Silaha nyingine alikuwa nazo, lakini mkuki ulikuwa zawadi ya mama, na ndani yake zimo nguvu za mama, ziitwazo shakti.

Vita vikawa vikali. Ndugu wawili wa Surapadman, mmoja mwenye kichwa cha ndovu na mwingine mwenye kichwa cha simba, walianguka. Surapadman mwenyewe, alipoona maji yamezidi unga, alijigeuza kuwa mwembe mkubwa katikati ya bahari. Murugan akautupa mkuki, nao ukaupasua mwembe vipande viwili. Kipande kimoja kikawa tausi, cha pili kikawa jogoo, na vyote viwili vikamrukia kwa hasira. Hapo ndipo angeweza kuvimaliza. Badala yake alivitazama kwa huruma, navyo vikatulia. Tausi akawa kipando chake, na jogoo akawa alama ya bendera yake.

Vita hivyo huigizwa kila mwaka kati ya Oktoba na Novemba katika mji wa Tiruchendur, ambako hekalu la Murugan limejengwa ufukoni mwa bahari. Waumini hufunga kwa siku sita. Siku ya sita maelfu kwa maelfu ya watu hujaa mchangani kutazama sanamu ya Surapadman ikibadilishwa vichwa, na mkuki ukiikabili kila inapojigeuza. Siku inayofuata husherehekewa arusi ya Murugan. Vita hufuatwa na arusi!

Mkuki huo una maana gani basi? Jirani aliutwaa ule wa shaba, akamwekea Kioko kiganjani.

"Tazama umbo lake," akasema. "Mpini ni mrefu, kwa sababu maarifa yanatakiwa yaingie ndani kabisa. Bapa ni pana kama jani, kwa sababu maarifa yanatakiwa yaenee. Ncha ni kali, kwa sababu maarifa yanatakiwa yachambue, yatenge la kweli na la uongo. Mkuki huu ni akili, kijana. Anayepigwa ni ujinga."

Hayo si maneno ya jirani peke yake. Ndivyo Watamil wengi wanavyofundishwa tangu utotoni. Katika mafundisho ya Shaiva Siddhanta, ambayo yana mizizi mirefu kusini mwa India, roho ya binadamu imefungwa kwa pingu tatu: umimi, matokeo ya matendo yake, na kiini macho cha dunia hii. Wafafanuzi huwalinganisha wale ndugu watatu na pingu hizo, na Surapadman, mkubwa wao, ndiye umimi. Wanaendelea kusema kwamba umimi haufi, bali hutiishwa. Kile kiburi kilichokuwa kikitaka kutawala dunia hutandikwa tandiko na kumbeba bwana wake.

Murugan huhusishwa na maarifa kwa njia nyingine pia. Katika hekalu la Swamimalai, mojawapo ya mahekalu yake sita makuu ya Tamil Nadu, huadhimishwa kisa cha mtoto huyu kumfundisha baba yake mwenyewe, Shiva, maana ya neno takatifu Om. Baba aliinama, akatega sikio, mwana akafundisha. Wazazi wenzangu, hapo tuna la kujifunza.

Siku ambayo Parvati alimkabidhi mwanawe mkuki hukumbukwa katika sikukuu ya Thaipusam, ambayo huangukia mwezi mpevu wa Januari au Februari. Nje ya India, mahali panapojulikana zaidi kwa sikukuu hiyo ni mapango ya Batu, karibu na Kuala Lumpur, Malaysia. Mfanyabiashara wa Kitamil, K. Thamboosamy Pillai, alivutiwa na mdomo wa pango lililofanana na bapa la vel, akaanzisha hekalu humo. Thaipusam imesherehekewa pale tangu 1892. Leo mhujaji hupanda ngazi 272, na chini yake imesimama sanamu ya Murugan yenye rangi ya dhahabu, urefu wake mita 42.7, iliyozinduliwa mwaka wa 2006. Mkononi ameshika mkuki, ncha juu.

Wengi wa mahujaji hao wamekuja kutimiza nadhiri. Mtoto aliugua akapona, mtihani ulipitwa, kazi ilipatikana. Wengi hubeba kichwani mtungi wa maziwa ya kumwogeshea Murugan. Wengine hubeba kavadi, ambayo kwa asili yake ni kama mzega wetu: mti wa begani wenye mzigo kila upande. Nayo ina kisa chake. Jitu moja liitwalo Idumban lilikuwa likibeba vilima viwili kwa mzega. Likapigana na Murugan huko Palani, likauawa, kisha likafufuliwa na kufanywa bawabu wa hekalu lake. Mnaona? Kwa mara nyingine, adui anapewa kazi.

Wapo pia wanaojitoboa ulimi na mashavu kwa vijikuki vidogo vya vel. Picha hizo huwatisha wengi. Lakini kwa anayefanya hivyo, huo ni mwisho wa safari ndefu ya kufunga, kuacha nyama na kulala sakafuni, wengine kwa siku 48. Ulimi uliochomwa mkuki hauwezi kusema, na ndiyo maana yake: kwa siku hiyo maneno yote yamekabidhiwa kwa mungu. Wapo Wahindu wasiolipenda jambo hili, wanaosema kwamba ulimi unaweza kunyamazishwa bila chuma.

Vel ilisafiri na wanyonge. Watamil waliochukuliwa na Waingereza kwenda kukata miwa Afrika Kusini walianza kushuka Durban mwaka wa 1860. Huko, na kisiwani Mauritius vilevile, wajukuu wao wangali wanabeba kavadi, na Mauritius hiyo ni sikukuu ya taifa. Watu walionyang'anywa karibu kila kitu walishikilia mkuki ambao hauwezi kunyang'anywa, kwa kuwa umo akilini.

Hata hivyo tusidanganyane. Alama yoyote yaweza kurudishwa kuwa silaha. Novemba 2020 viongozi wa chama cha BJP katika jimbo la Tamil Nadu walifanya msafara wa kisiasa walioupa jina la mkuki huo, Vel Yatra. Serikali ya jimbo ilikuwa imekataa kutoa kibali, ikitaja hatari ya Covid-19, na viongozi kadhaa wakakamatwa. Palizuka ubishi mkubwa kuhusu nani mwenye haki ya kuubeba mkuki wa Murugan, na dhidi ya nani. Swali hilo la pili ndilo zito. Siku mtu anapoamua kwamba ujinga wote uko kwa jirani yake na kwake hakuna, mkuki huwa umegeuzwa ncha.

Nasi Wakenya mkuki si mgeni kwetu. Umo miwili katika bendera yetu tangu 1963, nyuma ya ngao, kuashiria ulinzi wa uhuru. Na wahenga walishatuonya kwamba mkuki kwa nguruwe ni mtamu, kwa binadamu ni mchungu. Ni rahisi kumchoma mwenzio. Wa Murugan humtaka anayeushika ajichome kwanza yeye.

Nilimtazama mwanangu. Alikuwa bado ameushika ule wa shaba, akiugeuzageuza.

"Anko," akasema, "na kama huyo adui hataki kuwa tausi?"

Jirani hakujibu mara moja. Alinitazama mimi, kisha akamtazama yeye.

"Surapadman pia hakutaka," akasema. "Ndiyo maana vita vilichukua siku sita. Lakini nikuulize, kijana. Jana nyuma ya madarasa, wewe ulikuwa Murugan au ulikuwa mwembe?"

Kioko akainamisha kichwa. Baada ya muda akasema kwa sauti ndogo kwamba hesabu zenyewe alikuwa amezifeli kweli. Alipata 23 kwa 100. Rafiki yake alisema kweli, ila alisema vibaya.

"Mama Kioko," jirani akaniambia, "nadhani leo tuanze na sehemu." Wakafungua daftari. Mimi nikashuka ngazi kwenda kushona shati.

Jumapili ilipita bila neno. Jumatatu asubuhi, nilipokuwa nikimfungia Kioko chakula cha shuleni, alisimama mlangoni akiwa amevaa lile shati lenye mshono mpya begani.

"Mama, niongezee chapati moja," akasema.

Nikamwongezea. Sikumuuliza ya pili ni ya nani.