Kamera kubwa isubiri kwanza

Vijana wenzangu, Jumapili iliyopita tulibishana sana kwenye kikundi chetu hapa Nakivale. Tumechanga miezi saba, tumefikisha shilingi 600,000 za Uganda. Wengi wanataka tuagize Kampala kamera kubwa iliyotumika, ile ya kubadilisha lenzi. Mimi nilikataa. Siku ile kelele zilinizidi, basi naandika hapa kwa utulivu.

Najua kwa nini tunaitaka. Ukiivaa shingoni watu wanakuangalia kwa heshima, hata wageni wa mashirika wanakusalimia tofauti. Sisi ambao kila siku tunapigwa picha na wengine, tunatamani na sisi tushike ile mashine. Si tamaa mbaya hiyo.

Lakini hesabu inakataa. Pesa yote itaishia kwenye kamera na lenzi moja. Bado betri ya pili, memori kadi na mfuko wa kuibebea. Betri yake huwezi kuazima kwa jirani. Na kiangazi unakijua: ukibadilisha lenzi barabarani, vumbi linaingia mpaka kwenye sensa, kila picha inatoka na madoa. Fundi wa kuisafisha tutamtoa wapi?

Simu zenye kamera nzuri tunazo tatu. Video zetu watu hawazimalizi kwa sababu sauti ni upepo mtupu na picha inatetemeka. Basi tununue dawa ya ugonjwa tulio nao: maiki ndogo ya kubana kwenye kola, stendi ya miguu mitatu, pawabenki kubwa na memori kadi. Maiki tuijaribu palepale dukani, maana tundu za simu hazifanani. Pesa nyingine itabaki ya bando.

Sababu ya pili ndiyo inayoniuma. Kuna mama jirani yetu, mwaka jana mgeni mmoja alisimama mbali na lenzi ndefu, akampiga picha akiwa ameinama bombani, kitenge kimelegea. Aliiona baadaye kwenye simu ya mtu. Tangu siku ile hataki kusikia habari ya kamera. Nilipoenda na simu yangu alinikatalia mara mbili. Mara ya tatu nilikaa, tukaongea, nikampiga akiwa mlangoni kwake kwenye kivuli. Akashika simu mwenyewe: "Hii futa. Hii bakiza."

Simu inakulazimisha usogee, maana ukivuta kwa vidole picha inaharibika. Ukisogea lazima usalimie, na ukisalimia mtu ana nafasi ya kusema hapana. Ndiyo, hata kwa simu mtu anaweza kuiba picha. Ndiyo maana tuwe na sheria kabla ya kuwa na vifaa: omba kwanza, onyesha, futa ukiambiwa. Na zima alama ya mahali kwenye kamera ya simu. Faili ya picha inaweza kubeba mahali ilipopigwa, na wengine kati yetu tulikimbia watu ambao bado wanatutafuta.

Kaka na dada mnaofanya kazi kwenye mashirika, na ninyi mnasoma hapa. Mkituletea mafunzo ya video, msilete kamera ambazo jioni zinarudi kufungiwa kabatini. Afadhali pawabenki mbili na maiki moja vinavyobaki mikononi mwetu.

Sisemi kamera kubwa tusiinunue kamwe. Tukishakuwa na kazi za harusi na za mahafali zinazolipa, nitakuwa wa kwanza kuchanga. Kura ni Jumapili saa kumi, chini ya mti wetu. Anayetaka kamera aje na jibu la swali moja: betri ikizima katikati ya shughuli na umeme hakuna, tutafanyaje?