Nta ndani ya maji: anayesema ni nani?



Usiku wa tarehe 29 Novemba, unaotangulia sikukuu ya Mtakatifu Andrea, vijana wengi wa Poland huyeyusha nta ya mshumaa na kuimimina ndani ya beseni la maji baridi. Desturi inataka nta ipite katika tundu la kichwa cha ufunguo. Ikifika majini inaganda mara moja. Kisha wanaitoa, wanaishika mbele ya mwanga na kutazama kivuli chake ukutani. Mmoja akiona moyo, anasema kuna ndoa. Mwingine akiona meli, anasema kuna safari. Zamani ilikuwa shughuli ya wasichana waliotaka kujua mchumba atakuwa nani. Leo kwa wengi ni mchezo, na hata shuleni unachezwa.

Katika Ukraine nta hiyo imekuwa na kazi nzito zaidi. Mtoto asiyelala usiku, au mtu anayetetemeka kwa hofu, alipelekwa kwa mama mzee wa kijiji. Mama huyo alisali, akashika chombo cha maji juu ya kichwa cha mgonjwa, akamimina nta, kisha akasoma umbo lake ili kujua kilichomtisha: mbwa, moto, au binadamu fulani. Waukraine waliohamia Kanada waliibeba desturi hiyo, na mwaka 1999 mtafiti Rena Jeanne Hanchuk alitoa kitabu kizima juu yake kama ilivyofanywa katika jimbo la Alberta.

Kwa nini tulete habari za mbali namna hii mbele ya makanisa ya mashariki ya Kongo? Kwanza, kwa sababu wengi wetu tumefundishwa kwamba kuagua ni aibu ya Mwafrika peke yake. Si kweli. Watu waliobatizwa, wenye makanisa ya karne nyingi, nao wameinama juu ya beseni kutafuta kesho yao. Pili, kwa sababu swali linalowapeleka watu kwenye beseni ndilo swali la nyumba zetu leo. Tangu Goma ilipoingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, familia nyingi zimetawanyika. Mama anauliza: mwanangu yu hai? Mume anauliza: nirudi kijijini au nibaki? Mahali habari za kweli zinapokosekana, anayedai kuona atapata wateja. Iwe kwa nta, kwa maji, kwa kioo au kwa ndoto, kazi yake ni moja.

Tuangalie kwanza nta yenyewe. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye joto la digrii 60 na kidogo zaidi. Ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo inaelea. Sehemu inayogusa maji baridi inakauka papo hapo, huku sehemu ya juu ingali inatiririka. Ndipo yanapotokea mikunjo, mabawa na matundu. Umbo linategemea urefu wa mkono unaomimina, joto la nta, ubaridi wa maji na mtikisiko wa beseni. Chukua mshumaa uleule, mkono uleule, mara mbili: utapata maumbo mawili. Kama nta ingekuwa inasema, ingekuwa imesema maneno mawili juu ya jambo moja.

Na jicho letu nalo lina tabia yake. Mungu ametuumba tukitambua uso wa mtu upesi sana. Mtoto mchanga anatafuta uso wa mama yake. Kwa hiyo tunaona nyuso katika mawingu, katika madoa ya ukuta, katika majivu. Mwenye njaa anaona chakula; mwenye hofu anaona adui. Nta haileti jina. Jina linatoka katika moyo wa anayetazama, au katika kinywa cha yule aliyelipwa kutazama.

Hapo ndipo mchezo wa Poland na mambo yetu vinapoachana. Msichana akiona moyo katika kivuli, hakuna anayeumia. Lakini swali likibadilika, likawa “nani ameniloga?”, jibu ni lazima liwe mtu. Na mtu huyo ana nyumba, ana watoto, ana shingo.

Hatusemi jambo la kufikirika. Mwaka 2021, vyombo vya habari viliripoti kutoka Kivu ya Kusini wanawake waliouawa, wengine kwa kuchomwa moto, baada ya kutajwa kuwa wachawi. Katika habari hizo walitajwa wanawake wahubiri wanaoitwa bajakazi, wenye vyumba vya maombi, wanaodai kuwa na uwezo wa kumfunua mchawi. Tutafakari hilo vizuri: waliotaja majina hawakuwa wafumu wa msituni. Walishika Biblia, walifunga, waliimba nyimbo tunazoziimba sisi. Kwa kawaida anayetajwa ni yule asiye na mtetezi: mjane, mzee wa macho mekundu kwa moshi wa jikoni, yatima anayelelewa na mama wa kambo.

Sheria ya nchi imeliona jambo hili. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto kwamba ni mchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, katika kifungu cha 160, inampa anayefanya hivyo kifungo cha mwaka 1 hadi 3, pamoja na faini. Wachungaji wengi hawajui kwamba neno moja lililotamkwa madhabahuni juu ya mtoto linaweza kuwa kosa la jinai.

Lakini sheria pekee ina mpaka. Ujerumani watu walizoea kuyeyusha madini ya risasi, yaani plombu, usiku wa mwaka mpya, na kuyamimina majini ili kusoma maumbo. Mwaka 2018 kanuni za Umoja wa Ulaya ziliyaondoa madukani kwa sababu yana sumu, na watu wakachukua nta na bati mahali pake. Sumu ya madini inapimika, nayo ikaondoka. Hamu ya kujua kesho ikabaki palepale, ikabadilisha chombo tu. Vivyo hivyo kwetu: ukifunga chumba kimoja cha maombi bila kugusa hofu iliyowapeleka watu humo, kesho kitafunguliwa kingine mtaa wa pili.

Maandiko yanasema nini? Kumbukumbu la Torati 18 inakataza uaguzi waziwazi, na mara baada ya katazo hilo Mungu anaahidi kuwainulia watu wake nabii atakayesema neno lake. Ndiyo kusema, Mungu hakatazi halafu akawaacha watu wake gizani. Sauli alikwenda Endori usiku baada ya kukosa jibu, akiwa na jeshi la adui mbele yake. Hofu ndiyo iliyomvisha nguo za kujificha. Katika Mwanzo 44 kinatajwa kikombe cha Yusufu ambacho mtumishi wake anakiita chombo cha kuagulia. Lakini Yusufu huyohuyo, akiwa gerezani, alikwisha kukiri kwamba tafsiri ni ya Mungu. Na tazama jinsi mambo yalivyokwisha katika nyumba hiyo: ndugu walipatana kwa sababu Yuda alisimama akajitoa awe mtumwa badala ya mdogo wake, na Yusufu akalia mbele yao. Kikombe hakikumpatanisha mtu.

Basi kanisa lifanye nini? Tuseme ukweli: yule mama wa Ukraine alikuwa na kitu ambacho makanisa yetu mara nyingi yanakosa. Alimketisha mgonjwa, akamsikiliza, akamgusa, akaomba pamoja naye bila haraka. Nafuu waliyoipata watu huenda ilitoka hapo zaidi kuliko katika nta. Mama aliyekimbia vita, anayekuja kwetu akaambiwa “omba tu, utapona” katika dakika mbili, atakwenda kwa anayempa saa nzima.

Yako mambo matatu ambayo kila parokia inaweza kuanza nayo. La kwanza, wazee wa kanisa waweke kanuni kwamba hakuna jina la mtu litakalotajwa kama mchawi katika ibada, katika maombi ya usiku wala katika maono, hata kama anayenena ni mtumishi anayeheshimiwa. La pili, mwenye ndugu aliyepotea asaidiwe kufika kwa Msalaba Mwekundu, ambao kazi yake mojawapo ni kutafuta waliotenganishwa na vita, bila malipo. Pengine jibu litachelewa, na pengine litauma, lakini ni la kweli. La tatu, akina mama na mashemasi wawe na siku ya kukaa na wenye hofu na wasiolala, kuwasikiliza, na kuwasindikiza kituo cha afya inapohitajika.

Na mtu akitajwa tayari, mchungaji asingoje mkutano wa Jumapili. Aende nyumbani kwake leo, aketi mlangoni pake, majirani wamwone. Mjane aliyekaliwa karibu na mchungaji si rahisi kuchomwa.

Kesho yetu hatuijui. Hiyo ni kweli, nayo ni chungu. Lakini jirani yetu tunamjua kwa jina, nasi tutaulizwa habari zake. Bwana awatie nguvu wote wanaongoja habari za wapendwa wao.