Mbu wa miaka milioni 100 na chandarua cha usiku wa leo

Msimu wa mpunga ukifika bonde la Kilombero, familia nyingi huhamia shambani na kulala kwenye vibanda. Mtoto akiuliza mbu walianza lini, jibu lipo: zamani kuliko binadamu.

Mwaka 2019, George Poinar wa Marekani na wenzake walitangaza aina mpya ya mbu, Priscoculex burmanicus, aliyenaswa ndani ya kaharabu ya Myanmar, yaani utomvu wa mti uliogeuka jiwe. Ana miaka kama milioni 100. Mishipa ya mabawa, papasi na mdomo wake vinafanana na vya anofelesi, mbu wa malaria.

Kutofautisha mbu ni kazi ya kila siku pia katika Taasisi ya Afya Ifakara. Watafiti wamebaini kuwa Anopheles funestus ndiye anayeeneza sehemu kubwa ya malaria bondeni. Ana ndugu wanaofanana naye kwa macho. Vinasaba ndivyo humtambulisha.

Mzazi hahitaji darubini. Akifunga mizigo ya shambani, asisahau chandarua chenye dawa. Mtoto akipata homa, apelekwe kupimwa siku hiyo hiyo, hata kama kituo ni mbali.