Namba ya Siri Isiyo na Siri

Miaka michache iliyopita mwanafunzi wangu mmoja asiyeona alikuja ofisini kwangu na ombi dogo. Alikuwa amehamishia kwenye simu yake fedha za kujikimu za muhula mzima, naye alitaka kujua zimebaki kiasi gani. "Mwalimu, naomba unisomee salio," alisema, akaninyooshea simu yake ya kitochi. Kabla sijauliza lolote alitamka namba yake ya siri, tarakimu zote nne, kwa sauti ya kawaida, mbele ya wanafunzi wawili waliokuwa wakisubiri alama zao. Nilipomtahadharisha alicheka kidogo. "Usijali, Mwalimu. Namba hii wanaijua wengi."

Aliwataja: mwenzake wa chumbani, dada yake, wakala wa karibu na geti la chuo. Aliniambia pia kwamba muhula uliotangulia shilingi elfu arobaini zilitoweka katika akaunti yake ya simu. Alipolalamika, aliambiwa kwamba mteja anayempa mtu mwingine namba yake ya siri amejitakia hasara mwenyewe.

Ndugu msomaji, hebu tulitafakari jibu hilo. Mtu ameuziwa huduma ambayo hawezi kuitumia bila kutoa siri yake, kisha anahukumiwa kwa kosa la kuitoa. Tumezoea kusema kwamba huyu kijana alipata hasara kwa sababu haoni. Si kweli. Alipata hasara kwa sababu simu yake haisemi, na haisemi kwa sababu hakuna aliyewalazimisha wanaoitengeneza, wanaoiingiza nchini na wanaoweka huduma za fedha ndani yake kuhakikisha kwamba inasema.

Tuangalie jambo lenyewe linavyokwenda. Kitochi kina kinundu kidogo juu ya tarakimu ya 5. Kwa kinundu hicho asiyeona huzijua tarakimu zote na kupiga simu bila msaada wa mtu. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba kinundu kimepandisha bei ya simu. Lakini akishabonyeza nyota na reli ili kufungua huduma za fedha, menyu inayojitokeza kwenye kioo ni bubu. Hajui kama ameingiza kiasi sahihi wala kama jina la mpokeaji ndilo alilokusudia, na akichelewa kidogo menyu hujifunga. Simu janja zinao uwezo wa kusoma kwa sauti kilichoandikwa kwenye kioo. Simu inayosema, basi, ipo, ila ni ya mwenye fedha. Asiyeona ambaye ni maskini hubaki na simu bubu na huruma ya wakala.

Kiziwi naye ana mkasa wake. Laini yake ikifungwa au fedha zikienda kwa mtu asiyemkusudia, huelekezwa kupiga simu huduma kwa wateja, yaani atatue tatizo lake kwa njia ileile ambayo hawezi kuitumia. Nyumba yake ikivamiwa usiku, namba ya dharura, 112, ni namba ya kupigiwa na kusikilizwa. Na tulipoanza kusajili laini kwa alama za vidole mwaka 2019, hadi laini zisizosajiliwa kuanza kuzimwa Januari 2020, utaratibu mzima ulisimama juu ya dhana kwamba kila raia ana vidole. Asiye na vidole akageuka kuwa swali la kutafutiwa jibu pembeni, baada ya mfumo kuwa umekwisha kujengwa.

Wapo watakaosema tuwe na subira, kwani teknolojia hujirekebisha yenyewe. Historia ya simu inawakatalia. Alexander Graham Bell, aliyepata hataza ya simu mwaka 1876, alikuwa mwalimu wa viziwi. Mama yake alikuwa na uziwi na mke wake alikuwa kiziwi. Hata hivyo chombo alichouachia ulimwengu kiliwafungia viziwi nje kwa takriban miaka 90. Ilikuwa mwaka 1964, huko California, ambapo mwanafizikia Robert Weitbrecht, yeye mwenyewe kiziwi, alibuni kifaa cha kuunganisha mashine za kuchapa na laini ya kawaida ya simu, ili viziwi wawasiliane kwa maandishi. Soko halikuwafikiria, ilibidi kiziwi ajifikirie mwenyewe.

Na hata ubunifu huo haukutosha mpaka sheria ilipoingia. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 kuhusu watu wenye ulemavu iliyataka makampuni ya simu kuweka huduma ya upokezi, ambapo mhudumu humsomea anayesikia maandishi ya kiziwi na kumwandikia kiziwi majibu, saa 24 kila siku. Mwaka 1996 sheria ya mawasiliano ya nchi hiyo iliwageukia watengenezaji wenyewe: kifaa cha mawasiliano kitengenezwe kiweze kutumiwa na watu wenye ulemavu. Sheria hiyo ina tundu lake, kwa kuwa inamdai mtengenezaji pale tu ambapo jambo linawezekana bila ugumu au gharama kubwa, na kila mfanyabiashara anajua kulia gharama. Tusiige tundu hilo. Tuige msimamo kwamba wajibu uko kwa anayetengeneza na anayeuza, si kwa anayehangaika.

Hapa kwetu hatukosi maandiko. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda mawasiliano binafsi ya kila mtu. Ibara ya 18 inatoa uhuru wa kufanya mawasiliano na haki ya kutoingiliwa ndani yake. Mwaka 2009 tuliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao katika Ibara ya 9 unazitaka nchi zihimize teknolojia kufikiriwa tangu hatua za mwanzo za ubunifu, ili iwafae watu wote kwa gharama ndogo. Mwaka 2010 tulitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, na mwaka 2022 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Tunao hata Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006 na unaopeleka minara ya simu vijijini. Kazi hiyo ni njema. Lakini neno "wote" ni zito. Mnara ukisimama kijijini na kiziwi wa kijiji hicho akashindwa kuita polisi, mawasiliano yamewafikia wengine, hayajawafikia wote.

Najua hoja zinazotolewa dhidi ya madai haya. Ya kwanza ni kwamba watu hawa ni wachache. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu. Huo si uchache, bali ni zaidi ya mtu mmoja katika kila kumi. Waongeze wazee ambao macho yao yamefifia na wote wasiojua kusoma, kwani menyu inayosema inawafaa hao pia. Hoja ya pili ni gharama. Lakini gharama kubwa hutokana na kukarabati, na ndiyo sababu Mkataba unasema tuanze mwanzoni. Hoja ya tatu ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa kuwa hutolewa kwa sauti ya upole: kwamba watu hawa wana ndugu wa kuwasaidia. Msaada wa ndugu ni jambo jema pale unapoombwa kwa hiari. Unapokuwa sharti la kujua salio lako mwenyewe, huo si msaada tena. Ni kumweka mtu mzima chini ya ulezi.

Basi lifanyike nini? Vifaa vya mawasiliano haviingizwi sokoni bila kuidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Vigezo vya uidhinishaji huo viwe na sharti la kutumika na wasioona, viziwi na wenye ulemavu wa viungo. Kila huduma ya fedha kwa simu iwe na njia ya sauti kwa Kiswahili, inayomsomea mteja kiasi na jina la mpokeaji kabla hajathibitisha, hata kwenye kitochi. Namba za dharura na huduma kwa wateja zipokee ujumbe wa maandishi, na iwepo huduma ya upokezi yenye wakalimani wa lugha ya alama. Serikali, ambayo ni mnunuzi mkubwa, isinunue kifaa wala mfumo usiofikika. Na wanaojaribu mifumo hiyo kabla haijazinduliwa wawe wanachama wa Chama cha Wasioona na Chama cha Viziwi wenyewe, wakiwa na mamlaka ya kusema "bado", wasialikwe tu siku ya uzinduzi ili wapigwe picha.

Kwa watumishi wa umma mnaosoma hapa: mengi kati ya haya hayangoji Bunge, yanangoja kanuni, mwongozo na saini. Kwa wanaharakati: acheni kuomba simu za msaada, daini vigezo. Kwa wanafunzi wa teknolojia: mfumo mtakaoujenga ukimshinda asiyeona, mmeshindwa ninyi, siyo yeye.

Siku ile nilimsomea kijana salio lake na kumrudishia simu. Alinishukuru, akaondoka. Amekwisha kuhitimu, na sijui kama aliwahi kuibadili namba yake. Mimi sikuwa na haki ya kuijua, na hadi leo ninaikumbuka.