Hisabati imo katika mlima wa Kericho

Mwalimu wa hisabati aliyeko Kericho hana haki ya kulalamika kwamba hana vifaa. Barabara itokayo tambarare za Ahero hupanda hadi mji huu ulio yapata mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baiskeli hazikosekani.

Tuchukue mwendeshaji apandaye kilomita 10 kwa kasi ya kilomita 15 kwa saa, kisha ateremke kilomita 10 kwa kasi ya 60. Waulize wanafunzi kasi yake ya wastani. Aghalabu watajibu 37.5. La hasha! Alipanda kwa dakika 40, akateremka kwa dakika 10. Kilomita 20 kwa dakika 50 ni kasi ya 24.

Hapo ndipo ilipo siri ya mashindano. Akiongeza kilomita moja kwa saa mlimani, ataokoa dakika mbili na nusu. Akiongeza iyo hiyo mteremkoni, ataokoa sekunde 10 hivi tu, tena kwa gharama kubwa, maana kasi ikizidi maradufu, nguvu ya kuushinda upepo hutakiwa mara nane. Kwa hiyo ushauri uliozoeleka, kwamba mshindani agawe nguvu zake sawasawa njia nzima, haufai hapa. Atumie zaidi kidogo mlimani, apumzike mteremkoni. Hicho “kidogo” ni kiasi gani? Hilo ndilo swali la wanahisabati, kwani anayezidisha huishiwa kabla ya kilele. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyeshinda Tour de France mara nne kati ya 2013 na 2017, alijulikana kwa kupanda milima macho yakiwa kwenye kipimo cha nguvu.

Nayasema haya kwa kuwa mwaka wa 2025 nchi yetu ilikaribia kuifanya hisabati somo la hiari katika sekondari ya juu. Malalamiko yakazuka, Wizara ya Elimu ikairejesha kuwa ya lazima kwa sura mbili: nzito kwa wanasayansi, nyepesi kwa wengine. Hiyo nyepesi inanitia shaka. Hesabu niliyoitoa haihitaji zaidi ya kugawanya, lakini inapindua dhana nzima. Ikiwa wepesi maana yake ni kuondoa maswali ya namna hii na kubakisha bei za sukari, mtoto wa mchuma chai atakuwa amepunjwa.

Walimu wa Kericho na Bomet wasingoje vitabu. Wachague njia ya kando yenye mwinuko, wachukue saa na utepe wa kupimia, wanafunzi wapande na kuandika. Mteremko wauhesabu darasani.