Eti Wanafunzi wa Kichina Hawafikiri!

Nimechoshwa na vitabu vya walimu wa Kiingereza waliokwenda kufundisha vyuo vikuu vya China. Ukisoma kimoja, vingi umeshavisoma: nyumba ya bure chuoni, vijiti vya kulia vinavyomponyoka mwalimu, mwanafunzi aliyejipa jina la ajabu la Kizungu, kisha hukumu: eti darasa zima kimya, hawa hawajui kufikiri wenyewe.

Hivi, walitakiwa wafikiri kwa sauti ya nani? Kijana huyo amekazana na Kiingereza ili afaulu CET-4, mtihani ulioanza 1987, wa kusikiliza, kusoma na kuandika. Mwalimu naye mwaka wa pili huo, Kichina chake kinaishia kuagiza tambi. Bubu ni nani hapo?

Sisi tuliosoma sekondari Tanzania tunaujua ukimya huo. Jibu unalo, tena zuri, ila liko kwa Kiswahili. Mpaka ulipange kwa Kiingereza, mwalimu kashapita.

Na msiniambie haiwezekani vingine. Peter Hessler alifika Fuling mwaka 1996 kufundisha Kiingereza, naye akakaa chini kujifunza Kichina. Ndiyo maana River Town, kilichotoka 2001, kina watu ndani yake: wanabisha, wanatania, wanamshangaa yeye.

Basi mwalimu asiyeweza kuwasikiliza wanafunzi wake kwa Kichina asituandikie wanavyofikiri. Aandike kuhusu tambi.