Mshipi na Mtoto Aliyesimama Nyuma



Mto Kiwira hutoka milimani kwetu Rungwe, ukashuka hata Ziwa Nyasa. Katika maji yake ya juu, yaliyo baridi, Waingereza walitia samaki waitwao trauti zamani za utawala wao. Samaki hao huvuliwa kwa ndoana iliyofungwa manyoya mfano wa mdudu.

Sisi tulipoanza kuvua hivyo, tuliurusha mshipi nyuma kwa nguvu zote ili upate kwenda mbele. Lakini ukingoni pana miti na migomba. Ndoana ikanasa, nasi tukakasirika, tukazidisha nguvu. Siku moja haikunasa tawi, ilinasa kofia ya mtoto wetu aliyesimama nyuma, kidole kimoja tu juu ya jicho. Hakuumia, ila alikataa kufuatana nasi tena.

Ndipo tulipojifunza njia ya wavuvi wa mto Spey, nchi ya Uskochi. Tangu karne ya 19 wao huvua samaki waitwao samoni mahali penye miti nyuma yao, kwa ufito mrefu ushikwao kwa mikono miwili. Mshipi hawaunyoshi nyuma. Huuinua polepole, wakaupitisha kando hata ncha yake iguse maji ubavuni, nao ukapinda nyuma kama upinde. Kisha huusukuma mbele. Mkono wa chini huvuta kifuani, wa juu huongoza, na ufito husimama ghafula ungali juu. Yafaa maji yaishike ncha ya mshipi, kwa hiyo kujizoeza uwanjani penye majani hakutoshi. Na upepo ukivuma kutoka kuume, tupa kwa upande wa kushoto, usije ukajichoma uso.

Tulijizoeza kila jioni mara 20 tu, maana mkono uliochoka hurudia kutumia nguvu. Mara nyingi mshipi ulianguka miguuni petu umejisokota. Kosa lilikuwa haraka wakati wa kuinua. Basi tukairudia hatua hiyo moja, tukaziacha nyingine.

Enyi walimu, mtoto akikosa kusoma, itafuteni hatua iliyompotea, wala msizidishe sauti na fimbo. Nanyi wazazi, kabla ya kutupa neno la hasira, tazameni ni nani aliye nyuma yenu.

Juzi mtoto wetu aliomba kuja mtoni. Tulimketisha juu ya jiwe, mbali na ufito, tukatupa polepole. Hatukupata samaki. Tulirudi nyumbani pamoja, naye ndiye aliyeuchukua ufito. Bwana atujalie subira sote.